Chupa Iliyoingia Bila Hodi

Kifuko kile kilitakiwa kwenda mbele. Tulikuwa tumeielekeza mashine kwenye kona ya uwanja, tumepima kwa hatua, tumesimika kijiti chenye kitambaa chekundu kama shabaha. Nikavuta kamba ya kufyatulia. Ndoo ya mchanga ikashuka, mkono wa mbao ukapanda, na kifuko chetu cha nusu kilo kikapaa juu kabisa, kikasita, kisha kikarudi nyuma juu ya vichwa vyetu na kuvuka ukuta wa chuo. Kimya kidogo. Halafu tukasikia sufuria likigonga chini na mama mmoja akipiga yowe.

Kundi letu lilikuwa na watu sita. Wanne walikimbilia hosteli huku wanacheka. Wa tano alisimama kidogo, akanipiga begani: "Nenda wewe, mzee wa Gamboshi. Kwenu si ndo mnarusha vitu?" Naye akatimua mbio.

Mimi nilibaki. Sio kwamba nina roho nzuri kuliko wenzangu, hapana. Miguu tu iligoma. Kuna kitu nilishawahi kurusha nikakiacha kilikoangukia, na nilijua kinachoweza kufuata.

Tangu siku ya usajili mimi ni "mzee wa Gamboshi". Ukisema hapa chuoni kwamba unatoka Bariadi, mtu hakuulizi habari za pamba, wala hakumbuki kwamba Nane Nane ya kitaifa ya 2018 ilifanyika kwetu Nyakabindi. Anakuuliza umekuja na basi au na ungo. Kwa wachache ambao hawajawahi kusikia: Gamboshi ni kijiji cha wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, ambacho Tanzania nzima imekipa sifa ya kuwa makao makuu ya wachawi. Eti usiku panageuka mji wenye maghorofa na taa. Mimi nimefika Gamboshi mchana, nikaona watu wanalima pamba na kuchunga ng'ombe kama kwetu tu. Utani huo huwa nacheka nao, kwa sababu usipocheka utapewa jina baya zaidi. Ila kuna sehemu yake moja ambayo hainichekeshi, na makala hii naiandika kwa ajili ya sehemu hiyo.

Nilizunguka getini hadi kwenye banda la yule mama lishe. Jiko la mkaa lilikuwa limepinduka, maharage yamemwagika, na kifuko chetu kimelala katikati ya maharage. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu mpaka leo. Watu watatu wanne walikuwa wamekizunguka, hakuna anayekigusa.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, hicho ni changu. Tunajaribu mashine ya mradi kule ndani, imerusha vibaya. Naomba sana unisamehe."

Alinitazama kwa muda. "Mashine?" akasema. "Hapa tulikuwa tunajiuliza ni nani huyo kanitupia. Jana biashara ilikuwa mbaya, juzi mbaya, leo linashuka dude toka juu na mchanga ndani. Mwanangu, ungechelewa kidogo tu ningekuwa na jina la mtu kichwani."

Hapo ni mjini, jamani. Mita chache kutoka maktaba ya chuo kikuu, kati ya watu wenye simu janja. Nilimwahidi shilingi elfu kumi za maharage kwa awamu mbili maana bumu lilikuwa bado, nikamwalika aje kesho yake aione mashine kwa macho yake. Halafu nikarudi hosteli na kifuko changu kinanuka kitunguu, na usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nakumbuka kwetu.

* * *

Mtoto wa Usukumani huanza kurusha vitu kabla ya kujua kuandika. Mtama ukianza kukomaa, wanakuja kwelea kwelea. Ndege mmoja ana uzito wa kama gramu 20 na anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ukimshika mkononi unamwonea huruma. Ila hawaji mmoja mmoja. Wakija milioni moja, hizo ni tani 10 kwa siku, na shamba la mjane linaisha kabla jua halijafika utosini. Serikali huleta ndege za kunyunyizia dawa pale mambo yanapozidi. Sisi wenye ekari mbili tulikuwa na dungu la miti katikati ya shamba, debe la kugonga na kombeo.

Babu ndiye aliyenifundisha kombeo. Unaweka donge kwenye kikalio cha kamba, unazungusha, unaachia ncha moja. Siri yote iko kwenye kuachia. Ukiwahi, donge linapaa juu au linakwenda nyuma yako. Ukichelewa, linajikita ardhini mbele ya miguu. Alitukataza mawe. Tulitumia madonge ya udongo mkavu, kwa sababu donge likitua kwenye shamba la jirani linapasuka na kuwa udongo kama udongo mwingine, lakini jiwe linabaki kumsubiri ng'ombe wake au jembe lake. "Ndege unamfukuza leo," alikuwa akisema, "jirani utakuwa naye mpaka kufa." Niliona ni maneno ya wazee tu.

Babu alifariki nikiwa darasa la saba. Nikabaki na bibi.

Nilipofika kidato cha tatu, shule ya kata, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kanuni ya tatu ya Newton kwa chupa. Maabara hatukuwa nayo. Alichukua chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, akajaza maji kama theluthi, akaiziba kwa kizibo kilichopitishiwa kichwa cha tyubu ya baiskeli, akaigeuza mdomo chini, akaanza kujaza upepo kwa pampu. Upepo unajibana juu ya maji. Ukizidi nguvu ya kizibo, kizibo kinachomoka, maji yanasukumwa chini kwa kasi, chupa inasukumwa juu. Ilipaa juu ya paa la darasa, ikapita juu ya mlingoti wa bendera, na sote tukalowa. Sijawahi kuelewa somo lolote haraka namna ile.

Nikaitengeneza ya kwangu nyumbani. Chupa lazima iwe ya soda, maana imeundwa kuhimili gesi. Ya maji ya kunywa inapasuka. Kizibo nilichonga kutoka kwenye soli ya ndala. Mabawa matatu ya boksi la sabuni niliyafunga kwa mpira wa tyubu karibu na mdomo, na puani nikabandika donge la udongo, kwa sababu kitu kinachoruka kikiwa kizito nyuma kinapinduka hewani. Mwisho nikataka kitambaa kirefu cha kufungwa kwenye chupa, ili ikishuka ishuke polepole isivunje mabawa. Nikaingia ndani, nikachana kipande kwenye kaniki kuukuu ya bibi.

Kaniki, kama mnavyojua, ni nyeusi.

Niliirusha jioni moja baada ya kuingiza ng'ombe zizini. Nilipiga pampu mpaka mikono ikaniuma. Ilitoka na mlio wa "fyuuu" na mkia wa maji, ikapanda juu kuliko ile ya mwalimu, na kule juu ikakutana na upepo. Ikaelea, kitambaa kikipepea nyuma, ikavuka uzio wa minyaa na kuangukia kwa jirani. Giza lilikuwa linaingia, na jirani alikuwa na mbwa wawili wakali. Nikasema nitaifuata kesho. Kesho yake nikawahi shule.

Kosa langu ni hilo, na nimelifikiria sana kwa miaka hii. Kurusha sio kosa. Niliiacha ile chupa huko bila mwenyewe.

Kwa jirani, usiku uleule, mtoto wao wa miaka mitatu alipandisha homa, akapata degedege. Wapo wazee wanaoamini kwamba degedege huletwa na ndege mbaya anayepita usiku. Asubuhi baba yake akaona uani chupa iliyolowa, ina donge la udongo puani na kitambaa cheusi mkiani, na mama wa mtoto akasema jana magharibi alisikia kitu kinapiga mluzi hewani kikashuka. Na kaniki ile kila mtu kijijini aliijua ni ya nani.

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amepika zaidi ya miaka 40 kwenye mafiga, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, kwa miti ya pamba na samadi kavu, maana kwetu miti imeisha na kuni za maana ni za kutafuta mbali. Moshi ule unawasha macho yako siku moja tu. Fikiria miaka 40. Lakini huko Usukumani macho mekundu ya bibi kizee yamewahi kusomwa vingine, na bibi zetu wengine waliuawa kwa mapanga usiku kwa sababu hiyo. Hili halihitaji kunong'onezwa. Limesemwa redioni, bungeni na makanisani. Anayenitania habari ya ungo huwa halikumbuki. Mimi nakumbuka, kwa sababu siku ya tatu dada yangu alirudi kisimani na ndoo tupu. Wanawake walikuwa wamemnyamazia, hakuna aliyeitikia salamu yake, mpaka mmoja akamwambia pembeni: "Mwambieni bibi yenu aondoke kabla ya Jumamosi."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anakata viazi vya kuanika michembe. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kisu kikiendelea kukata. Halafu akanigeukia.

"Mume wangu," ndivyo alivyoniita siku zote, "hiyo chupa ni yako?"

"Ndiyo bibi."

"Basi nenda ukaseme. Mimi nikisema hawatanisikia."

Nilikuwa na miaka 16. Nilikwenda kwanza kwa mwalimu wa fizikia, nikalia mbele yake bila aibu. Yeye hakunigombeza. Alichukua pampu yake ya baiskeli, tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akaongea na viongozi wa sungusungu. Mkutano ukaitishwa Ijumaa jioni chini ya mkwaju.

Nimewahi kuwasilisha mradi mbele ya jopo la wahadhiri wa hapa chuoni, na watu hutetemeka kweli siku hiyo. Jopo lile la chini ya mkwaju ndilo lililokuwa gumu. Wanaume wamekaa na fimbo zao, wanawake upande wa pili, na bibi yangu kwenye kigoda peke yake, nafasi kama ya ng'ombe wawili kati yake na mtu wa karibu. Chupa yangu ilikuwa chini katikati. Tangu siku ile hakuna aliyeithubutu kuigusa. Waliibeba kwa mti.

Nikasema ni yangu. Nikaeleza maji, upepo, kizibo. Mzee mmoja akaniambia: "Mtoto akitumwa na bibi yake atasema hivyohivyo. Irushe tuone."

Nikajaza maji. Nikapiga pampu. Kizibo kikachomoka mapema, maji yakamwagika miguuni kwangu, chupa ikaanguka kando kama kuku aliyekatwa kichwa. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama bibi, alikuwa anatazama mikono yake.

Mwalimu akachuchumaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, kama tuko darasani: "Kausha mdomo wa chupa. Kizibo kimelowa, kinateleza." Nikakausha kwa shati langu. Nikakikandamiza kwa kisigino. Nikapiga pampu tena, nikihesabu kwa sauti ili kila mtu ajue hakuna maneno mengine ninayoyasema: moja, mbili, tatu. Kwenye 32 ikaondoka. Ilipita juu ya mkwaju, kitambaa cheusi kikafunguka, na ikashuka taratibu kwenye shamba la karanga. Watoto wakapiga kelele na kukimbia kuifuata. Mimi nilikimbia kuliko wote.

Baba wa yule mtoto alikuwepo. Mwanawe alikuwa amefikishwa hospitalini Bariadi, akapimwa, ikaonekana malaria, akatibiwa na alikuwa anaendelea vizuri. Alichukua chupa mkononi mwangu, akachungulia ndani, akanusa, akavuta kile kitambaa.

"Na hiki cheusi cha nini?"

"Cha kuipunguza kasi ikishuka."

Akafikiri. "Ungeweka cheupe," akasema.

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho nikaona mwanamke mmoja anasogeza kigoda chake karibu na cha bibi.

Ningependa kuwaambia kwamba fizikia ilishinda na hadithi ikaishia pale. Lakini wakati tunatawanyika nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake: "Sawa. Sasa angalau tumejua anavyorusha." Kuna watu huwezi kuwaonyesha kitu, kila ushahidi wanaugeuza kuwa kithibitisho. Kwa sababu ya wazee kama huyo, bibi alihamia kwa shangazi Bariadi mjini masika nzima. Alirudi wakati wa kuvuna. Mwalimu alituletea bati la kutoboa dirisha la jikoni, na nadhani dirisha lile limefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote.

* * *

Sasa turudi kwenye mashine yetu. Asaimenti ya mwaka wa kwanza ilikuwa rahisi kwa maneno: tengenezeni mtambo wa kurusha mzigo wa nusu kilo usiotumia injini, umeme wala mpira wa manati. Tulichagua mtambo wa uzito, ule uliobomolea ngome za zamani kabla ya mizinga. Mkono mrefu wa mbao juu ya ekseli, beringi mbili za bodaboda, upande mfupi ndoo ya mchanga ya kilo 20, upande mrefu kombeo. Ndiyo, kombeo. Nilipoona mchoro wake kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mhandisi wa ngome alichofanya ni kulipa kombeo la babu mkono mrefu wa mti na mzigo wa kuuvuta.

Hesabu yake ni tamu. Ndoo ya kilo 20 ikishuka mita 1, na nguvu yote ikaingia kwenye kifuko cha nusu kilo kinachoondoka kwa nyuzi 45, kifuko kitakwenda mbali mara mbili ya uwiano wa uzito ukizidisha na kimo cha kushuka. Uwiano ni 40, kimo ni 1, kwa hiyo mita 80. Hiyo ni kwenye karatasi, ambako hakuna upepo, msuguano wala mkono wa mbao unaokula nguvu kwa uzito wake. Uwanjani tulianza na mita 12, tukafika 19, na siku ya maharage tukapata hasi.

Kesho yake nilikagua ncha ya mkono. Kombeo la mtambo huu lina kitanzi kinachokaa kwenye msumari. Mkono ukifika mahali fulani kitanzi kinachomoka, kombeo linafunguka, mzigo unaondoka. Msumari wetu ulikuwa umenyooka mno, kitanzi kinateleza mapema. Kuachia mapema: donge linapaa juu au linakwenda nyuma yako. Babu aliisema ile sura ya kitabu miaka mingi kabla sijakinunua. Tukaukunja msumari kidogo kuelekea mbele, tukajaribu, tukaukunja tena. Mita 26. Mita 29.

Kabla ya majaribio hayo niliwawekea wenzangu masharti mawili. La kwanza, kila kifuko kiandikwe kwa kalamu nene: majina yetu, kundi, mwaka, chuo. La pili, kabla ya kila mrusho mmoja wetu atembee mpaka kinakoweza kutua, mbele na nyuma, awaambie watu walioko huko. Wakacheka. "Jina la nini, si mchanga tu?" Yule wa tano akasema, "Gamboshi anaogopa kukamatwa."

Basi usiku ule, tukiwa tunakula chipsi mayai nje ya hosteli, nikawasimulia habari ya bibi. Sikupanga. Ilitoka tu. Nilipofika kwenye kisima na ndoo tupu, waliacha kula. Nilipomaliza, yule wa tano hakusema kitu, aliniuliza tu bibi yangu yuko wapi sasa. Nikamwambia yupo nyumbani, mzima, analima. Asubuhi nilipofika karakana nilimkuta ameshaandika vifuko vyote sita, kwa herufi kubwa, na chini ya majina ameongeza neno moja: HODI. Siku hizi bado ananiita Gamboshi, lakini anaitaja kama mtu anavyotaja kwao mwenzake.

Siku ya maonyesho mama lishe alikuja, kajifunga kanga safi, kaja na wenzake wawili. Tulimweleza ndoo, mkono, msumari. Aliuliza swali ambalo hata jopo halikuuliza: "Na upepo ukibadilika?" Tukampa kamba avute yeye. Kifuko kilikwenda mita 31. Tulishika nafasi ya nne, kundi la kwanza lilifika mita 44, hongera zao. Kati ya mita 80 za karatasi na 31 za nyasi, asilimia 39 tu ya nguvu ya ile ndoo ilifika kwenye mzigo, na tumekubaliana mwakani tutapunguza uzito wa mkono.

Kwa nini nawasumbua na haya yote? Kwa sababu vitu vya kurushwa vinaongezeka, na sisi tunaosoma hapa ndio tutakaovirusha. Tangu 2016 jirani zetu Rwanda wanapelekewa damu hospitalini na ndege ndogo zisizo na rubani, zinazorushwa na mtambo kama manati kubwa na kuushusha mzigo kwa mwavuli. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kama kilomita 60 kwa dakika 40. Hiyo ni Kanda ya Ziwa, huko kwetu. Pale JKUAT, Kenya, wanafunzi wana mradi wa roketi walioupa jina Nakuja. Nalipenda sana jina hilo. Linapiga hodi.

Na tukumbuke Mukuku, kijiji cha kaunti ya Makueni, Kenya. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka huko kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Wanakijiji walikusanyika kukizunguka kama watu walivyokizunguka kifuko chetu kwenye maharage, hakina jina, mwenyewe hajulikani. Waliotengeneza kitu kile ni mainjinia wenye digrii na kompyuta. Kilikosa alichokosa kijana wa kidato cha tatu mwenye chupa ya soda.

Kwa hiyo wenzangu wa uhandisi, na nyie wa kozi nyingine mnaorusha vitu vya aina yenu, maneno na picha mtandaoni: andika jina lako juu yake. Waambie walioko kule kinakoelekea. Kikienda vibaya, kakifuate siku ileile, hata kama kuna mbwa.

Jioni ya maonyesho nilimpigia bibi simu. Mtandao ulikuwa unakatika, nikapanda ghorofa ya juu. Nikamwambia tumerusha mita 31, kwa kombeo la babu.

"Wabeja, mume wangu," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Na kilitua wapi?"

Nikamwambia kwenye nyasi, mwisho wa uwanja, na hapakuwa na mtu.

"Haya," akasema, akaanza kuniuliza kama huku nakula vizuri.